Viwanja Vitatu vya Gofu Nungwi: Historia ya Ardhi Iliyoitwa Tupu

Nimecheza gofu mara moja tu maishani mwangu, na nilicheza katika nchi ya jangwa. Ilikuwa Muscat, Oman, siku moja baada ya kumalizika kongamano la historia ya Bahari ya Hindi lililonipeleka huko. Ami yangu alizaliwa Mji Mkongwe mwaka 1949, akaondoka Unguja baada ya Mapinduzi, akafika Oman mwanzoni mwa miaka ya 1970, pale Sultani Qaboos alipowafungulia milango watu wenye asili ya nchi hiyo waliokuwa Afrika Mashariki. Aliapa kwamba hawezi kuniacha nirudi nyumbani bila ya kunionesha mchezo anaoupenda uzeeni mwake. Nikamwambia, "Shikamoo ami, lakini mimi ni mtu wa vitabu." Akajibu, "Marahaba mwanangu. Na hiki nacho ni kitabu, utakisoma kwa miguu."

Alinipeleka Al Mouj, kiwanja cha mashimo 18 kilichopo kando ya bahari, kilichochorwa na Greg Norman, mchezaji mashuhuri wa Australia, na kufunguliwa mwaka 2012. Mashindano ya wachezaji wa kulipwa wa Ulaya yamepata kufanyika hapo. Upande mmoja niliiona bahari, upande wa pili milima ya mawe makavu isiyo na hata kichaka, na katikati yake nyasi ya kijani kibichi iliyokatwa kwa usawa kama zulia la msikitini. Mpira wangu wa kwanza niliukosa kabisa. Wa pili uliruka hatua chache, ukaanguka katika bonde dogo la mchanga mweupe, nami nikabaki humo nikichimba kama kaa.

Ami alisubiri nitoke, kisha akaniuliza kama najua kwamba mchanga ule umenunuliwa. Nilidhani ananifanyia mzaha. Akanieleza kwamba mchanga wa jangwani ni mwembamba na wa mviringo, hupeperuka na hudidimiza mpira, kwa hiyo viwanja vingi vya Ghuba huuondoa na kuleta mchanga mwengine. Walipoanza wao kucheza, alisema, hapakuwa na nyasi. Klabu ya Ghala, iliyoanzishwa Muscat mwaka 1971, ilikuwa ya mchanga mtupu. Mchezaji alibeba kipande kidogo cha zulia la nyasi ya bandia, akakitandika chini kila alipotaka kupiga, na pale penye shimo mchanga ulichanganywa na mafuta ili ushikane.

Tulipofika shimo la tisa tukakaa kivulini. Ndipo aliponiuliza swali lililonifanya niandike makala haya. "Na ule mradi wenu wa Nungwi uliishia wapi? Si walisema mtakuwa na viwanja vitatu kama hiki?" Nikamjibu kwamba haukujengwa. Akanitazama akitabasamu: "Sasa niseme alhamdulillahi, au niseme inna lillahi?"

Sikuwa na jibu la haraka. Mimi ni mtu wa Unguja, mama yangu ni mzaliwa wa Nungwi, na nafundisha historia chuo kikuu. Niliporudi niliwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza, darasa la watu zaidi ya sitini, ni nani aliyepata kuusikia mradi huo. Mikono miwili ilinyooshwa, na yote miwili ilikuwa ya watoto wa Nungwi. Wengine walikuwa hawajazaliwa ulipotangazwa. Hao ndio watakaokuwa maofisa ardhi, maofisa mipango na wajumbe wa kamati baada ya miaka michache. Nawaandikia wao kwanza.

Tuanze na maji, kwa sababu jangwani hakuna anayeweza kuyaficha. Muscat hupata mvua ya takriban milimita 100 kwa mwaka. Kila jani la nyasi nililolikanyaga siku ile lilikuwa limenyweshwa kwa mkono wa binadamu. Katika Ghuba maji ya viwanja kama vile hutoka katika mitambo ya kuondoa chumvi ya bahari au katika majitaka yaliyosafishwa, na nyasi inayopandwa mara nyingi ni paspalum, nyasi ya pwani inayostahimili chumvi. Mtu anaweza kuupinga utaratibu huo au kuuunga mkono, lakini hesabu yake iko wazi: nyasi hii ina gharama hii, na fulani ndiye anayelipa.

Oman ina jadi ndefu ya hesabu hiyo. Kwa zaidi ya miaka elfu moja vijiji vyake vimeishi kwa aflaj, mifereji inayoyaleta maji ya chini ya ardhi kutoka vilimani hadi mashambani. Mwaka 2006 UNESCO iliitia mitano kati yake katika orodha ya urithi wa dunia. Falaj si mfereji tu, ni sheria. Maji yakifika kijijini, mahali pa mwanzo ni pa kunywa, na hapo mtu yeyote huchota bila ya malipo, hata mpita njia. Kisha hupita msikitini na mahali pa kuogea. Baada ya hapo tu ndipo huingia katika bustani za mitende, tena kwa zamu zinazopimwa kwa saa, na kila mwenye zamu anajulikana kwa jina. Watu wa jangwani walijifunza mapema kwamba swali la maji si kiasi gani kipo, bali nani anakunywa mwanzo.

Sisi wa Unguja tuliwahi kuwa na mtawala aliyelielewa hilo. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliyavuta maji ya chemchem za kaskazini mwa mji kwa mabomba, akayaleta hadi Mji Mkongwe. Simsifu kwa mengine, maana ulikuwa utawala wa mabwana na watumwa. Ninachosema ni kwamba fikra ya kuyaleta maji kwa watu kabla ya kuyapeleka kwenye anasa si ngeni kwetu.

Gofu nayo si ngeni kwetu, na hapa ndipo historia inapoanza kuuma. Ami alipokuwa mtoto wa miaka kumi na mbili alikuwa akiokota mipira ya gofu Mnazi Mmoja, anairudisha kwa Waingereza na kupewa senti kumi. Kijana wa leo anayepita Mnazi Mmoja akienda hospitali au akitoka skuli hawezi kudhani kwamba uwanda ule ulikuwa kiwanja cha gofu, kriketi na tenisi cha watumishi wa himaya. Klabu yao, English Club, ilianzishwa mwaka 1888, miaka miwili kabla ya Unguja kutangazwa kuwa chini ya himaya ya Uingereza. Baada ya Mapinduzi jengo la klabu hiyo kule Shangani liligeuka kuwa hoteli ya Africa House.

Kwa nini gofu ichezwe hapo na si mahali pengine? Tazama ramani. Upande wa magharibi wa uwanda ule ni mji wa mawe, walikokaa maofisa, Waarabu wenye mali na wafanyabiashara wa Kihindi. Upande wa mashariki ni Ng'ambo, walikokaa wengi wa wafanyakazi, watumwa walioachiwa huru na vizazi vyao. Wakoloni wa zama zile, hapa kama kwengineko Afrika, waliamini kwamba nafasi wazi baina ya makaazi ya Wazungu na ya "wenyeji" ingewakinga na maradhi. Mwaka 1923 mpangaji miji Henry Lanchester alichapisha uchunguzi wake wa kuupanga upya mji wa Zanzibar, na suala la nafasi wazi na mpaka baina ya pande mbili za mji lilikuwa miongoni mwa yaliyoshughulisha fikra za wapangaji. Nyasi ya gofu ilikuwa na kazi mbili: kuchezewa, na kutenganisha.

Nao waliotenganishwa walielewa vyema siasa ya ardhi. Mwaka 1928 wakaazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja walivyojengea vibanda vyao. Hoja yao ilikuwa nyepesi na nzito kwa pamoja: walipofika pale hawakuambiwa kwamba ardhi ina mwenyewe wa kulipwa kila mwezi, bali walipewa nafasi kwa desturi ya ujirani. Watu hao walikuwa wakiuona uwanja wa gofu kila asubuhi wakienda kazini. Eneo kubwa, zuri, lililo katikati ya mji, lilitengwa kwa mchezo wa watu wachache, na wao wakadaiwa kodi ya kiwanja cha kitanda na jiko.

Nimeyataja ya Mnazi Mmoja kwa sababu gofu ina sifa moja inayoitofautisha na michezo mingine. Mpira wa miguu unahitaji eneo dogo, na magoli ya kuhamahama. Kiwanja cha gofu cha mashimo 18 huhitaji hekta hamsini au zaidi, na katika hekta hizo pasiwe na mtu, ng'ombe wala njia ya kupita. Kabla ya kupanda nyasi, ni lazima kwanza mtu mwenye mamlaka aitazame ardhi na kusema: hapa hapana kitu.

Sasa twende Nungwi. Ncha ya kaskazini ya Unguja ni nchi ya maweni. Mgeni akiitazama huona mawe ya matumbawe yenye ncha kali, udongo kidogo uliojificha katika nyufa, na vichaka. Bibi yangu mzaa mama aliiona vingine. Alijua ni ufa upi unaobeba udongo wa kutosha mhogo na upi ni wa choroko. Alijua ni kipande kipi kimelazwa ili kipate nguvu, na kwamba kilicholazwa kina mwenyewe hata kama kimeota msitu. Alijua pango gani lina maji matamu na wakati gani wa siku huwa si mazuri kwa kunywa. Kuta za mawe zilipangwa kwa mkono kuwazuia nguruwe wa mwitu. Msitu ulitoa kuni, majani ya dawa, na mawe ya kuchoma chokaa. Pwani ilitoa samaki, pweza, na nafasi ya kuundia mashua na majahazi, ufundi ambao mpaka leo unaitambulisha Nungwi.

Wanaanthropolojia waliyaandika haya. John Middleton, katika uchunguzi wake wa umiliki wa ardhi Zanzibar uliochapishwa mwaka 1961, alieleza jinsi Wahadimu na Watumbatu walivyoishika ardhi kwa koo na kwa viambo, na jinsi haki ya kulima, haki ya mti na haki ya kisima zilivyoweza kuwa za watu tofauti katika kipande kimoja. Lakini vitabu havisomwi na wapimaji. Sheria za wakati wa Waingereza ziliihesabu ardhi isiyolimwa kuwa ya umma, na macho ya serikali yalizoea kuona thamani pale tu penye mkarafuu au mnazi.

Mapinduzi ya 1964 yaliibadilisha ardhi ya Zanzibar kuliko tukio lolote la karne ile. Ardhi ilitangazwa kuwa mali ya Serikali, na mashamba yaliyotaifishwa yakagaiwa wananchi kwa eka tatu tatu. Lilikuwa jambo kubwa, na sitaki msomaji adhani nalibeza. Lakini ugawaji ule ulihusu zaidi nchi ya mashamba, yenye mikarafuu na minazi. Nchi ya maweni ilibaki katika desturi, bila ya hati. Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya mwaka 1992 ikathibitisha kwamba ardhi yote ni ya umma chini ya dhamana ya Rais, na ikafungua njia ya kuikodisha kwa wawekezaji. Tayari kulikuwa na sheria ya kulinda vitega uchumi ya 1986, iliyokuja baada ya bei ya karafuu kuanguka na Serikali kutafuta chanzo kipya cha fedha. Ndivyo ardhi iliyonyang'anywa mabwana kwa ajili ya wanyonge ilivyokuja kuwa rahisi zaidi kuitoa. Asiye na hati hana cha kuonesha mbele ya mwenye mkataba.

Katika mazingira hayo, mwishoni mwa miaka ya 1990, ndipo ulipotangazwa mradi alioniuliza ami. Kampuni ya Kiingereza iliyoitwa East African Development Company ilipewa eneo la takriban kilomita za mraba 57 za rasi ya Nungwi kwa mkataba wa miaka 49. Unguja nzima ni kilomita za mraba zipatazo 1,650, kwa hiyo tunazungumzia sehemu moja kati ya ishirini na tisa ya kisiwa. Thamani ya mradi ilitajwa kuwa dola za Marekani bilioni 4. Palipangwa kujengwa hoteli 14 za kifahari, mamia ya nyumba za fakhari, kiwanja cha ndege, bandari ya boti za starehe, na viwanja vitatu vya gofu. Tourism Concern, jumuiya ya wanaharakati ya Uingereza iliyofanya kampeni dhidi ya mradi huo, ilieleza kwamba kodi ya ardhi ilikuwa dola moja kwa mwaka, na kwamba watu wapatao 20,000 walikuwa wakiishi katika eneo hilo.

Ndugu msomaji, rudia kuisoma idadi hiyo. Watu elfu ishirini. Maskuli, misikiti, makaburi, madau. Ramani ya mradi ingeweza tu kuchorwa na mtu aliyekwisha kukubali moyoni kwamba hapo hapana kitu.

Na sasa tupige hesabu ambayo, kule jangwani, ingepigwa kabla ya jiwe la msingi. Tuchukulie kwamba kila kiwanja kina hekta 40 za nyasi ya kunyweshwa, na kwamba katika siku za jua kali nyasi huhitaji milimita 5 za maji kwa siku. Hizo ni lita milioni 2 kwa kiwanja kimoja, lita milioni 6 kwa vitatu. Mwaka 2012 Tourism Concern ilichapisha uchunguzi wa matumizi ya maji katika vijiji vya Nungwi, Kiwengwa na Jambiani. Kaya ya kawaida ilitumia wastani wa lita 93 kwa siku, na chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano lita 3,195. Tukichukua kaya ya watu watano, watu 20,000 ni kaya 4,000, na matumizi yao yote hayafiki lita laki nne. Kiwanja kimoja cha gofu kingekunywa zaidi ya mara tano ya watu wote wa rasi. Vitatu vingekunywa mara kumi na sita.

Atakuja mtu aseme kwamba Unguja si Oman, kwetu mvua inanyesha. Ni kweli, hunyesha mara nyingi zaidi. Lakini jiwe la matumbawe ni kama chekeche. Hakuna mto Nungwi. Mvua hupenya chini, na maji matamu hukaa kama ngozi nyembamba iliyoelea juu ya maji ya chumvi. Wanajiolojia wana kanuni yao: kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari husimama juu ya takriban mita 40 zilizo chini yake. Ukiishusha ile ya juu kwa mita moja kwa kuvuta kupita kiasi, chumvi hupanda mita 40 kutoka chini, na kisima kikishaingia chumvi hakiponi kwa mvua ya masika mmoja. Tena miezi ya watalii wengi ndiyo ile ile ya kiangazi na kipupwe, wakati mvua ni chache. Nungwi ni jangwa la mawe lililovishwa vichaka. Kinachoitofautisha na Muscat ni kwamba vichaka huificha kiu.

Mradi haukujengwa. Hakuna shimo hata moja la gofu lililochimbwa Nungwi. Wanaharakati walipiga kelele London, watu wa kijiji walinung'unika nyumbani, na mabilioni yaliyotangazwa hayakuonekana. Ndiyo maana ami akaniuliza kama aseme alhamdulillahi.

Lakini sikuweza kumpa jibu hilo kwa moyo mweupe, kwa sababu namkumbuka mjomba wangu. Katikati ya miaka ya 1990, kabla ya mradi mkubwa kusikika, alifikiwa na watu waliotaka kipande chake cha pwani kwa ajili ya hoteli. Hoteli yenyewe sitaitaja, na waliofika kwake wengine wamekwisha tangulia mbele ya haki. Alilipwa fidia ya minazi kumi na mmoja. Ardhi haikulipwa, kwa kuwa kisheria haikuwa yake. Kisima hakikulipwa, kwa kuwa hakikuandikwa. Nafasi ya kuegesha ngalawa haikulipwa, kwa kuwa hakuna safu yake katika fomu. Karatasi ile, yenye alama ya dole gumba lake, ninayo. Mjomba hakudhulumiwa na jambazi. Alidhulumiwa na fomu iliyojazwa vizuri, na mtumishi aliyeijaza huenda alikuwa mtu mwema.

Mkataba mmoja wa kilomita 57 ulishindwa, lakini mikataba midogo midogo ilipita. Hoteli moja, kisha ya pili, kisha ukuta, kisha mlinzi anayemuuliza mvuvi anakwenda wapi. Uchunguzi ule wa 2012 ulifanyika katika Nungwi isiyo na gofu, na bado pengo baina ya kaya na chumba cha hoteli lilizidi mara thelathini. Kwa hiyo tusiifanye gofu kuwa shetani. Leo upo uwanja wa mashimo 9 upande wa magharibi wa Unguja, karibu na Mangapwani, na wapo vijana wetu wanaopata riziki hapo. Ajira za utalii ni za kweli. Nimefundisha watoto waliolipiwa ada kwa mishahara ya jikoni na bustanini mwa hoteli, na sitaki kuwaandikia kana kwamba mkate wao ni haramu. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Walimtaka mgeni, ila walimtaka pamoja na sharti lake.

Sharti hilo ndilo ninaloliomba, hasa sasa ambapo Uchumi wa Buluu umekuwa lugha ya kila ofisi na visiwa vidogo vinakodishwa kwa wawekezaji. Kwa mwanafunzi wangu atakayekaa kwenye meza ya mipango, nina maswali matatu ya kuuliza kabla ya kutia saini. Kwanza, nani atakunywa mwanzo? Mkataba ueleze kwa lita, kwa msimu wa kiangazi, na ukisema kijiji kitangulie, useme pia nani atafunga bomba la hoteli kijiji kikikosa. Pili, nani ameihesabu ardhi hii? Mpimaji peke yake hatoshi. Sheha, wazee wa viambo, wanawake wanaochota maji na mafundi wa vyombo waandikwe, na haki zao za kisima, njia na pwani zipewe safu katika fomu. Tatu, mkataba ukimalizika kutabaki nini? Mradi wa Nungwi ungeanza kwa wakati, mtoto aliyezaliwa mwaka ule angekuwa na umri wa miaka 49 siku ambayo ardhi ya babu yake inarudi, na visima vingekuwa vimeonja chumvi kwa kizazi kizima.

Na mwanaharakati naye nina neno lake. Mradi wa Nungwi ulijulikana London kabla ya kueleweka Nungwi. Ninapotafuta kauli za wanakijiji wa wakati ule, nakuta zaidi maandishi ya watu wa mbali waliosema kwa niaba yao. Wazee walioishi siku zile wangali hai, ila si kwa muda mrefu. Nenda na daftari, kaa barazani, uliza nani aliitwa mkutanoni, nani hakuitwa, na walionyeshwa ramani gani. Nimewapa wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu kazi hiyo muhula huu, na nitaichapisha hapa kwa ridhaa ya wasimulizi.

Juma lililopita nilikwenda Nungwi kumzuru dada yake mama. Jua la saa tisa lilikuwa kali. Mtoto wa miaka kama tisa alipita mlangoni na ndoo ya lita kumi kichwani, akajitwisha vizuri, akaniamkia bila ya kusimama kwa sababu ndoo ikitikisika humwaga. Nilimpigia ami simu usiku ule. Nikamwambia kwamba kwa vile viwanja vitatu, aseme alhamdulillahi. Akauliza, "Na kwa maji?" Nikamwambia asubiri kwanza, bado tunaandika.